Kipande cha Nyama ya Bi Kuruthumu

Kadhi alitoa hukumu asubuhi, chai ya Dokta Hidaya ikiwa bado inafuka mvuke. Kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari alisema kwamba Zuwena Hoza ana saratani ya ovari ya kulia, kwamba ameirithi kwa mama yake, na kwamba Jumatatu atatolewa ovari zote mbili pamoja na kizazi. Kisha akanyamaza. Kadhi akishahukumu hana la kuongeza, wala hapendi kuulizwa.

Zuwena alikuwa amelala chali akilitazama tumbo lake mwenyewe likielea hewani juu ya kitanda, tumbo la mwanga, ini linapanda na kushuka, utumbo unajinyonganyonga. Alikuja hospitali akidhani ni mimba. Majirani walishampa hongera, mumewe alishaanza kutembea kifua mbele, naye mwenyewe alishaanza kuchukia harufu ya vitunguu. Kumbe mimba yenyewe ndiyo hii. Hakulia. Aliuliza tu kama Jumatatu atakuja na kanga zake au atapewa nguo za hospitali.

Tuelewane mapema: Kadhi hakuwa mtu. Alikuwa mashine yenye mikono sita, iliyopandishwa mlimani vipande vipande miaka ile gari la waya, lile linaloning'inia kwenye kamba ya chuma, lilipoanza kuja Kwemtindi. Jina lake la kiwandani lilikuwa safu ya herufi na tarakimu ambazo hakuna ulimi uliozitaka, basi wanawake wa mlimani wakamwita Kadhi, kwa kuwa neno lake halina rufaa. Unapewa bakuli la uji mwepesi wa kijivu, unakunywa, na ndani ya uji ule mna chembe laini kuliko unga wa muhogo. Zinazunguka tumboni zikipeleka habari, na baada ya muda pacha wa tumbo lako anasimama hewani, kila mtu anamwona. Serikali ilishachoka na madaktari walevi, madaktari wenye usingizi, na madaktari wanaopasua wa kulia wakamwacha mgonjwa wa kushoto. Kisu akapewa Kadhi. Binadamu akabakiziwa kiti cha shahidi na pedeli moja chini ya mguu. Shahidi akiikanyaga, mikono inasimama, mgonjwa anashonwa, halafu tume inapanda kuja kuuliza kulikoni. Kwemtindi hakuna aliyewahi kuikanyaga.

Dokta Hidaya Shekiondo ndiye aliyekuwa kwenye kiti kile. Alimtazama pacha wa Zuwena kwa muda mrefu. Uvimbe uliegemea ovari, hilo kweli, lakini shina lake lilipotelea nyuma, kuelekea utumbo. Mkao ule alishauona mahali, na alijua fika ni wapi. Alitamani aseme neno palepale, akashindwa, akamsaidia binti kuvaa viatu.

*

Sasa nikwambieni mkasa ulikoanzia, maana usipojulikana huu, mengine yote yataonekana ni upuuzi wa wanawake.

Kwemtindi nyama ya mtu haitupwi. Mwislamu kwa Mkristo, kidole kikikatwa na shoka kinazikwa, kondo la nyuma linazikwa, hata jino la mzee kuna wanaolizika. Hapo mwanzoni hospitali ilikuwa ikichukua uvimbe uliotolewa tumboni, inautia kwenye chupa ya dawa, inaushusha kwa gari la waya mpaka mjini, ukakatwe mwembamba kama karatasi na kuangaliwa kwenye hadubini. Ndivyo dunia nzima inavyofanya, na kwa sababu nzuri. Uvimbe unaodhaniwa kuwa saratani ya ovari hautobolewi ukiwa bado tumboni. Ukiutoboa nao ni saratani kweli, ni sawa na kupasua gunia la mtama kwenye upepo. Hivyo unatolewa mzima kwanza, na ukweli wake unajulikana baadaye, ndani ya chupa.

Lakini chupa zilishuka na hazikupanda. Maneno yakaenea kwamba huko mjini nyama za wanawake wa mlimani zinafanyiwa mambo. Wanawake wakabaki majumbani na matumbo yao, wakafa nayo. Ndipo Hidaya, wakati huo bado daktari mchanga mwenye bidii, akasimama mbele ya akina mama akatoa ahadi kwa niaba ya hospitali: chochote kitakachotoka kwa mtu kitarudi kwa mtu. Kitafungwa kwenye kitambaa cheupe, mashangazi watakipokea kwa mikono yao, na kitazikwa kabla ya magharibi. Wanawake wakaja kwa makundi. Hidaya akapendwa, hapiti njiani bila kuwekewa ndizi kwenye kikapu.

Basi, nyama ikizikwa yote, Kadhi angejuaje kama kahukumu sawa? Mwanafunzi lazima asahihishiwe. Wakubwa wakakaa wakakubaliana: mwanamke akiwa hai baada ya mwaka, Kadhi kapata. Akifa, saratani ilikuwa kali, na Kadhi kapata vilevile. Akawa anajitungia mtihani, anaufanya, anajisahihishia. Na wapo wanawake, wachache lakini wapo, ambao uvimbe wao haukutoka kwenye ovari hata kidogo. Umeota kwenye ukuta wa utumbo, au kwenye mafuta ya nyuma ya tumbo, au kwenye mshipa wa fahamu, ukaning'inia mpaka ukaenda kuegemea ovari ya watu. Uvimbe wa hao ulizikwa kwa jina la ovari. Tena wengi wao walipona kwa kisu peke yake, kwa hiyo ndio waliompa Kadhi alama nzuri kuliko wote, na kila mwaka akazidi kujiamini.

Bi Kuruthumu, mama yake Zuwena, alikuwa mmoja wao. Kadhi alimtoa ovari na kizazi, akatiwa dripu kali ya kuua saratani mpaka kucha zikadondoka, akapona, akapigiwa vigelegele. Baada ya miaka kadhaa tumbo likajaa tena. Kadhi akasema saratani ya ovari imerudi. Hidaya akajiuliza, imerudi wapi, na nyumba ilishabomolewa? Siku mama huyo alipopasuliwa tena, Hidaya, akiwa anafunga kile kitambaa cheupe, alikata kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, akakitia mfukoni. Nje shangazi yake Zuwena, Bi Mwantumu, alipouliza kama nyama imetimia, Hidaya akajibu imetimia.

Bi Kuruthumu alivuja damu ndani kwa ndani akafariki wiki ileile. Dawa ya kupaka chembe rangi ili zionekane ilipofika kutoka mjini, mwenyewe alikuwa keshazikwa. Hidaya akaweka kipande kwenye hadubini kuukuu ya stoo, akainama. Chembe zilikuwa ndefu, zimelala kwa mafungu kama ukili uliosukwa. Hizo si chembe za ovari. Ni uvimbe wa ukuta wa utumbo, ambao dawa yake ni kidonge cha kumeza kwa maji kila siku, na vidonge hivyo vinauzwa mjini pembeni ya dawa za malaria. Tena ni uvimbe ambao mara moja moja hutembea kwenye ukoo, mama kwa mwana.

Alikwenda kwa Mganga Mkuu wa hospitali akamweleza nusu nusu. Mganga Mkuu aliuliza swali moja tu, ni nani aliyeruhusu kipande kile. Basi, akasema yule bwana, mimi sijasikia na wewe hujaona. Toka hapo kipande kikalala ndani ya mchemraba wa nta, kwenye kopo la biskuti kabatini kwa Hidaya, naye akawa anajiambia kwamba ananyamaza kwa ajili ya wanawake. Ilikuwa kweli. Ilikuwa pia kwamba anaogopa, na mambo hayo mawili yakizoeana huwezi tena kuyatenganisha.

*

Ijumaa alipanda ukingoni kumfuata Zuwena kazini. Huko juu ndiko ziliko nyavu za ukungu, zile kubwa kama kuta zinazokamua mawingu na kuyateremsha mjini kwa mabomba. Kazi ya Zuwena ilikuwa kuziba matundu yanayotobolewa na ndege. Alimkuta ameketi kwenye jiwe, sindano ya wavu mkononi, tumbo limemkalia mapajani.

"Shikamoo Dokta. Umepanda huku kwa miguu?"

"Marahaba mwanangu. Nina jambo."

Hidaya alilisema lote, na nitampa haki yake, hakulizungusha. Alisema mama yako hakuwa na saratani ya ovari. Alisema nilijua kwa sababu nilikata kipande. Zuwena aliendelea kushona matundu mawili matatu, halafu mikono ikasimama. Akasema siku ile alikuwepo. Yeye ndiye aliyeshika ncha ya kitambaa shangazi alipokuwa anauliza.

"Mngeomba, mama angewapa," alisema. "Mama alikuwa anagawa mpaka mbegu za msimu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuomba. Mlijiamulia tu kwamba sisi hatuelewi."

Miaka yote hiyo, kwa heshima, kwa kuogopa kuvunja ahadi, hospitali nzima haikuwahi kumtazama mwanamke mmoja usoni ikamwambia: mama, tuachie kidogo tujifunze, kingine chote zika. Waliona kuomba ni matusi. Wizi ukaonekana ni nafuu.

Akaendelea na lililompandisha. Alitaka Jumatatu, kabla mikono ya Kadhi haijakata chochote, afungue tundu dogo, achukue kipande, amshone, wasubiri. Kikiwa ni kama cha mama, vidonge vitaupunguza uvimbe, kisha utakatwa peke yake na kipande cha utumbo, ovari zibaki zilipo. Mwili ni wa Zuwena. Akiridhia yeye, sheria inaruhusu.

"Kadhi anasema ukitoboa, inamwagika."

"Kama ni ovari, kweli inamwagika."

"Na kama wewe ndiye uliyekosea?"

"Utakufa," Hidaya alisema, "na mimi ndiye nitakayekuwa nimekuua."

Upepo ulikuwa unapiga wavu. Zuwena aliuliza maswali mengine, ya mtu mwenye akili zake: uvimbe wa namna hiyo unawapata wangapi, vidonge vinanywewa miaka mingapi, mtu akivinywa anaweza kuzaa. Hidaya alijibu anayoyajua, na asiyoyajua akasema hayajui. Mwisho binti alichomeka sindano kwenye wavu.

"Nasikia unavyosema, na nataka kuamini. Mimi nataka mtoto, Dokta, unajua. Lakini Kadhi hajawahi kunidanganya, wewe umenidanganya. Jumapili ni hitima ya mama. Njoo. Lisemee pale, mbele ya mashangazi waliobeba kile kitambaa. Ukilisema nitajua unaamini, kwa sababu mtu hajitii moto kwa jambo asilo na hakika nalo. Jumatatu nitalala, utanitoboa unavyotaka. Usiposema, nalala kwa Kadhi."

Hidaya akasema atakuja.

*

Alikwenda kweli. Alivaa baibui lake jeusi la misiba, na ndani ya mkoba alitia ule mchemraba wa nta. Usiku wote alikuwa anapanga maneno, ataanza na lipi.

Ua wa kina Hoza ulijaa. Wanaume walikuwa mbele na misahafu, wanawake nyuma jikoni, sufuria za pilau zinahema. Bi Mwantumu, shangazi mtu, mama wa miraba minne mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, alimpokea kwa mikono miwili akamkalisha kwenye mkeka wa heshima. Kisha, kisomo kilipokwisha na sahani zilipoanza kuzunguka, akaanza kumsifu. Alisema mbele ya wote kwamba wifi yake kalala kaburini mzima, hajapungua, na hiyo ni kwa sababu ya huyu dokta. Alisema hospitali nyingine zinawauza watu vipande vipande. Wanawake wakaitikia, wengine wakamwombea Hidaya maisha marefu. Zuwena alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na beseni la maji ya kunawa, anamtazama.

Hidaya alifungua kinywa. Nawaapia alifungua, na neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno. Hapo mwanamke aliyekaa ubavuni mwake akamshika mkono.

Alikuwa Bi Mboza, muuza maua wa soko la juu, ambaye Hidaya alimkamua maji ya tumbo siku chache nyuma ili apumue. Maji hayafungwi kitambaa, hayana shangazi. Hidaya aliyaangalia kwenye hadubini, na humo chembe za saratani ya ovari zilikuwa zimejaa tele, ile yenyewe, isiyo na ubishi. Kwa Bi Mboza, Kadhi hakuwa amekosea. Akikatwa sasa ana nafasi, akichelewa hana. Bi Mboza alimnong'oneza kwamba wanawe wanamkataza kisu, lakini yeye kaamua, Jumanne anakuja. "Nakuja kwa sababu yako," alisema. "Najua kwako hakipotei kitu."

Hidaya akahesabu moyoni, na hesabu za namna hiyo ni za shetani. Huku binti mmoja na kizazi chake. Huku Bi Mboza, na nyuma ya Bi Mboza wengine wasiohesabika watakaobaki majumbani wakisikia dokta ni mwizi wa nyama. Akajiambia Zuwena hatakufa. Atakosa mtoto, lakini hatakufa. Akajiambia wako wanawake wangapi wanaishi bila watoto. Tonge la pilau lilikuwa mkononi. Akalila, akameza, akasifu mchuzi.

Beseni lilipomfikia, Zuwena alimmiminia maji mikononi polepole, vidole vyote, kama anavyonawishwa mgeni anayeheshimiwa. Hidaya alijisikia mdogo mpaka akatamani ardhi immeze, na bado hakusema.

*

Jumatatu Zuwena alikuja na kanga zake. Kabla ya nusukaputi kumchukua aligeuza kichwa kuelekea kiti cha shahidi.

"Usikanyage hiyo," alisema. "Jana ulinyamaza, na leo nyamaza. Mwili wangu usiuamulie tena bila mimi."

Kadhi akaanza. Mikono yake haitetemeki, haina haraka, na mtu asiyejua angesema ni kitu kizuri kutazama. Tumbo likafunguka. Hidaya aliinuka nusu kwenye kiti, akaona kwa macho yake. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye ukuta wa utumbo mdogo, una shina lake, kama uyoga kwenye gogo. Ulikuwa umelalia ovari ya kulia bila hata kushikana nayo. Ovari yenyewe ilikuwa nyeupe, imekunjamana kidogo, kama lozi iliyomenywa. Ya kushoto vilevile. Mtu yeyote mwenye macho angejua ni nzima.

Kadhi naye alikuwa na macho, manane kwa hesabu ya kiwanda. Akasoma alichofundishwa kusoma. "Saratani ya ovari ya kulia," akasema kwenye spika, "imesambaa kwenye utumbo."

Mguu wa Hidaya ulikuwa juu ya pedeli. Aliisikia springi yake chini ya soli. Akikanyaga, mikono itasimama, na Zuwena ataamka na ovari zake. Ataamka pia kakuta dokta yuleyule kampora tena uamuzi, baada ya kuambiwa kwa mdomo asithubutu. Na tume itapanda, itauliza umejuaje, na kopo la biskuti litafunguliwa mbele ya mlima mzima. Je, mguu ulikuwa mzito kwa sababu ya heshima ya neno la binti, au kwa sababu ya tume? Alijiuliza hivyo mwenyewe, kwa uchungu, na hakupata jibu ambalo angeweza kuapa nalo. Mkono wa tatu wa Kadhi ukashuka, ukabana, ukakata. Ukaenda upande wa pili. Kisha kizazi, na mwisho uvimbe wenyewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakutuambia kwamba anaweza kuficha mmoja, akakosa kuzaa mwingine.

Hidaya alifunga kitambaa cheupe mwenyewe. Safari hii hakukata kitu.

*

Zuwena aliamka mchana, midomo imekauka. Aliomba maji, akaambiwa bado, akalowanishiwa pamba. Halafu akamtazama Hidaya na kuuliza ameona nini.

Hapo alikuwa na nafasi ya uongo mtamu, tena wenye huruma ndani yake. Angesema ovari zilikuwa zimeoza, na binti angelala usingizi wake wote uliobaki duniani kwa amani. Hidaya alichoka. Alichoka kiasi kwamba hata woga ulimwishia.

"Zilikuwa nzima," alisema. "Zote mbili. Ulikuwa uvimbe wa utumbo, kama wa mama. Kesho nitakuandikia vidonge, usije ukarudiwa."

Zuwena alifumba macho. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, naye hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Hidaya aliinua pamba amfute, binti akageuza uso ukutani.

"Ungelisema jana uani kwetu," alisema, "leo ningekuwa nazo. Leo unaniambia mimi nifanye nini na hilo neno? Kawaambie wao."

Hidaya akatoka. Barazani Bi Mwantumu na wenzake walikuwa wanasubiri kitambaa, na nyuma yao kwenye mabenchi wanawake wanaongoja zamu, wenye matumbo, wenye watoto, wengine wamekuja siku moja kabla ili wasikose nafasi. Akaweka kitambaa mikononi mwa shangazi mtu. Juu yake akaweka ule mchemraba wa nta. Akasema ni nini. Alisema yote, la Bi Kuruthumu na la binti yake, na la Kadhi kujisahihishia mwenyewe, na kwamba huko makaburini wapo waliozikwa kwa jina lisilo lao. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la mwisho. Kisha akasema lile ambalo alipaswa kulisema miaka mingi nyuma: anaomba, kuanzia leo, kila mwanamke aache kipande kidogo, kwa ridhaa yake, ili wengine wasikatwe bure.

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Mwantumu alilifunika bonge la nta kwa upande wa kitambaa, kama anavyofunikwa mtoto, akasimama akaondoka na wenzake bila kumtazama. Wengine wakaanza kukusanya vikapu. Mama mmoja akamwamsha mwanawe. Benchi likabaki tupu, kisha jingine, na chini kwenye kituo gari la waya lilisikika likijaa.

Aliyechelewa kuinuka alikuwa Bi Mboza, kwa sababu ya tumbo. Alikuwa kaja mapema ili alale wodini. Alijishika kiuno, akainuka kwa awamu, akajifunga kanga ya pili. Hidaya alimkimbilia akamshika mkono, akamsihi. Alimwambia wewe usiondoke, wewe Kadhi hajakukosea, yako ni saratani kweli, inataka kisu wiki hii.

"Umejuaje?" aliuliza Bi Mboza.

"Yale maji niliyokukamua. Niliyatia kwenye hadubini, nikaona mwenyewe."

Bi Mboza alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipomwona.

"Na hayo," akasema, "uliyaangalia kwa ruhusa ya nani?"

Akauvuta mkono wake taratibu, akateremka ngazi, akaingia kwenye gari la waya la kurudi kwao.